Mkono wa Mnakili

Nisikilizeni kwanza, msije mkasema mimi Fusae nilizaliwa na wivu. Miaka arobaini na miwili nimeishi na mume wangu Shigeto, na sijawahi kupekua mfuko wa koti lake hata mara moja. Ukiona mwanamke kama mimi ameanza kunusa shati la mumewe, ujue kuna jambo.

Na jambo lenyewe lilianzia kwenye haiku, kishairi cha mistari mitatu tu.

Chama chetu cha haiku na michoro kina watu kumi na mmoja. Wenye mkono wa kuchora huleta kila mmoja mchoro wake, ukatundikwa wiki nzima kwenye duka la Masuyo la kuuza tofu, ile jibini ya soya, na namba chini yake. Wenye kutunga huja kununua tofu, wakasimama pale wakitazama, wakaenda zao kuumiza vichwa. Akishapata haiku ya kuoanisha na mchoro fulani, mtu huiandika kwenye kikaratasi bila jina, akakitumbukiza kwenye kopo la chai juu ya kaunta. Jumamosi asubuhi nalichukua mimi. Mimi ndiye mnakili. Nazinakili haiku zote kwenye karatasi moja kubwa kwa mwandiko wangu mmoja, kisha vikaratasi navitia jikoni vikaungua, ili Jumapili watu wachague maneno, wasichague mwandiko wa rafiki. Mnakili huona kila mkono na hasemi. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na tisa, na hakuna aliyewahi kunitoa neno, hata Masuyo, ambaye angeweza kumtoa neno maiti.

Siku ya mkutano haiku zinasomwa, watu wanachagua, na iliyochaguliwa ikishasomwa tena, mwenyewe huitikia kwa jina lake la kwanza. Hapo ndipo tunapojua ni ya nani.

Mwalimu wetu Onozuka ana miaka themanini na mitatu, na sheria yake ni moja. "Maneno yasieleze mchoro," husema, akigonga meza kwa kipepeo chake cha kujipepea. "Ukiona jogoo, usiniambie jogoo, nina macho. Niambie kilichoko nje ya karatasi."

Sasa basi. Mwezi wa kumi Shigeto alileta mchoro wa tawi la mti wa kaki, ule wa matunda ya rangi ya chungwa, na tunda moja tu limebaki juu kabisa. Mchoro mzuri. Mzuri mno, nilijiambia, maana mstari wa lile tawi ulikuwa umenyooka kwa pumzi moja, na mume wangu ana miaka sabini na moja. Watu walikuwa wanamsifu dukani: "Shigeto, mkono umerudi ujana!" Naye anacheka chini chini, mikono mfukoni.

Jumamosi nikafungua kopo. Kikaratasi cha pili, mwandiko mwembamba, umelala kidogo kushoto. Nilikuwa naujua: wa Sonoe Kuwabara, mjane aliyehamia huku mwaka juzi. Zamani alikuwa mchoraji wa nguo za kimono huko mjini, akaja kumuuguza mama yake. Aliandika hivi kwa ajili ya lile tawi:

Ngazi ya baba—
mguu wakumbuka
palipo pengo.

Nikaiweka brashi chini.

Kwenye mchoro hakuna ngazi. Lakini mti ule wa kaki naujua, uko nyuma ya nyumba ya marehemu baba mkwe wangu, kule juu bondeni, nyumba ambayo sasa haikai mtu. Na ngazi ipo, imelazwa ndani ya banda, imekosa kidato cha tatu tangu kabla sijaolewa. Niseme kabla Shigeto hajaolewa, maana kwetu tulikuwa mabinti watupu, na yeye ndiye aliyeletwa kwetu akachukua jina letu la Itagaki. Mimi mwenyewe niliteleza kwenye lile pengo mwaka wa kwanza, nikachunika ugoko.

Sonoe Kuwabara kaijulia wapi ngazi ya banda la mkwe wangu?

Nikajiambia, Fusae, tulia. Huenda Shigeto alimsimulia mahali. Nikanakili, nikachoma. Jumapili ile haiku ikachaguliwa na watu sita, na iliposomwa, Bi Kuwabara akainamisha kichwa akasema kwa sauti ndogo, "Sonoe." Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anatazama mikeka ya sakafu kama anayeihesabu.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kila Alhamisi Shigeto hupanda basi la saa tatu kwenda nyumba ya marehemu baba yake, eti kufagia na kuchora kwa utulivu. Hapo nyuma nilikuwa nashukuru, mwanamume akistaafu ukakaa naye kutwa utachanganyikiwa. Sasa nikaanza kumchunguza anaporudi. Alirudi na mchoro umeviringishwa vizuri, na kucha safi. Kucha safi! Mimi nimemfulia mtu huyu wino miaka arobaini, wino wa kwenye mikono ya shati, kwenye kola, hata kwenye sikio. Mchoraji gani anarudi na kucha kama za bwana harusi?

Na si kucha tu. Alianza kukataa vyakula. Nikimpikia viazi vya utelezi alivyovipenda tangu ujana, anavisukuma pembeni. Samaki wa miiba hataki. Supu anaiacha mpaka nitoke chumbani. Jioni moja akaomba kijiko.

"Kijiko cha nini? Wewe mtoto?"

"Nimechoka na vijiti."

"Umechoka na vijiti au umechoka na mpishi?"

Alirudisha mikono chini ya blanketi la meza yetu fupi yenye moto chini yake, akakaa hivyo, macho kwenye televisheni. Kila nikimtazama siku hizo mikono yake imefichwa. Nikajua huko chini ana simu, anaandikiwa.

Nikaenda kwa Masuyo. Ndiyo, nilikosea, ukitaka jambo lisambae mpe Masuyo na kipande cha tofu. Lakini sikumwambia la haiku, kiapo ni kiapo. Nilimwuliza tu, kama mtu anayeuliza bei, "Yule Bi Kuwabara anakaa wapi hasa?"

"Kumbe hujui? Kwa mama yake, kule juu bondeni. Ukuta kwa ukuta na nyumba ya mkweo." Akaifuta mikono kwenye aproni yake ya mpira, akanisogelea. "Kwa nini, shoga?"

"Hamna."

"Hamna ya nini na uso umekuiva hivyo? Haya, mimi simo. Ila nimesikia Alhamisi huwa hashuki mjini kwa lolote lile. Hata dawa za mama yake anazifuata Ijumaa."

Dalili ya mvua ni mawingu, na hayo yalikuwa mawingu meusi tii.

Mwezi wa kumi na moja Shigeto alileta mchoro wa mwavuli uliofungwa, umeegemezwa ukutani, matone yanadondoka. Mistari imetulia, haina wasiwasi hata chembe. Nami moyoni: hivi ndivyo mapenzi yanavyomtengeneza mzee. Nikafungua kopo, na mwandiko mwembamba ukawa hapo unanisubiri:

Chai ya mvua—
nusu hunywa mkeka,
nusu na mimi.

Nilisimama jikoni nikasema kwa sauti, peke yangu, "Mkeka!" Watu wazima, mmoja mjane, mmoja ana wajukuu, chai inamwagika mkekani, wanacheka, mvua inanyesha! Ningeweza kukiuma kile kikaratasi. Nikakinakili. Mkono ulikuwa mzito lakini nikakinakili neno kwa neno, kwa sababu mimi ni mnakili. Jumapili kikachaguliwa na watu saba. "Sonoe," akasema yule mwanamke, masikio mekundu. Mwalimu Onozuka akagonga kipepeo mezani: "Mchoro na maneno haya ni majirani wema. Mwavuli uko nje, chai iko ndani, hakuna anayemweleza mwenziwe. Bwana Shigeto, Bi Sonoe, endeleeni hivyo hivyo."

Endeleeni! Mbele yangu!

Mtauliza kwa nini sikumwuliza mume wangu. Swali zuri. Mimi nina ulimi mkali, mji mzima unajua, na ninaweza kumgombeza mtu kuhusu soksi mpaka jua lizame. Lakini hili niliogopa. Ukigomba kwa ajili ya soksi hujibiwi kwamba mtu anahama. Kama angesema "ndiyo, Fusae," ningeishi wapi na hilo neno? Nyumba ni ya baba yangu, jina ni langu, yeye angechukua mkoba tu akapanda basi la bondeni, naye ana kwao pa kurudi.

Mwezi wa kumi na mbili ni mwezi wa samoni. Huku kwetu kila nyumba huwatia chumvi samaki hao, ikawaning'iniza chini ya upenu kwa mkia, upepo wa baharini uwakaushe. Nilikuwa na samaki kumi na wanne wa kutia chumvi, na Shigeto, ambaye kila mwaka hufunga kamba, safari hii akasema mgongo unamsumbua. Mgongo! Nikafunga kamba mwenyewe. Alhamisi akapanda basi lake. Nami nikanawa mikono, nikapanda la saa nne.

Theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Nilishuka kituo kimoja kabla, nikatembea. Nyumba ya mkwe wangu ilikuwa inafuka moshi. Nikafika mpaka langoni, nikaingia hatua kadhaa uani, na kupitia mlango wa mbele uliokuwa wazi kidogo nikaona viatu vimepangwa: vya Shigeto vya kahawia, na vingine vidogo vya kike, vyenye manyoya kwenye kifundo. Ndani mwanamke akacheka. Kisha sauti ya mume wangu, ya chini, maneno sikuyapata, na kicheko kikakoma.

Nilitaka kuingia. Sikuingia. Nikageuka, nikarudi kituoni, nikasimama pale dakika arobaini theluji ikinijaa mabegani. Nililia, ndiyo, nililia, na nikamtukana Sonoe Kuwabara majina ambayo sikujua kama nayajua.

Jumamosi nikafungua kopo. Mchoro wa Shigeto mwezi huo ulikuwa samoni mmoja amening'inia upenuni, kinywa wazi. Na mwandiko mwembamba ulikuwa hivi:

Theluji mpya—
nazijua hatua
zijazo kwangu.

Niliisoma mara tatu. Nikamwona amekaa karibu na moto, sikio kwenye mlango, anazingoja hatua za mume wangu. Anaandika wazi kabisa, kisha ananiletea mimi nimnakilie! Mimi niziandike kwa mkono wangu, nizipeleke zisifiwe!

Nikachovya brashi. Nikaandika mstari wa kwanza. Nikaandika wa pili. Wa tatu nikaandika:

za mwizi wangu.

Nikakitia kikaratasi motoni haraka, kabla sijajihurumia. Miaka kumi na tisa, na sijawahi kubadilisha hata nukta. Nilifurahi, nisiwafiche. Nikasema, na asikie sasa. Aisikie ikisomwa mbele ya watu, ajue kwamba Fusae anajua. Na atafanya nini? Ataitikia jina lake kwa maneno ya mwizi, au atasema mnakili kabadilisha? Yote mawili yalinifaa.

Jumapili tukakaa, watu kumi na mmoja kuzunguka meza ndefu, michoro ukutani, kopo la chai mbele yangu. Masuyo akasoma karatasi yangu kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipofika pale, nikamtazama Bi Kuwabara. Aliinua kichwa ghafla. Akamwangalia Shigeto. Uso ukamwisha damu. Barabara, nikasema moyoni.

Kisha watu wakachagua, na nikashangaa mwenyewe: wanane walichagua ile. Mimi nimetunga miaka ishirini, sijawahi kupata zaidi ya kura mbili, na mstari wa chuki ukanipa nane.

Mwalimu Onozuka akaisoma tena polepole. "Theluji mpya, nazijua hatua za mwizi wangu. Kwa mchoro wa samoni, samaki anayepanda mto kurudi alikozaliwa, halafu anaishia upenuni kwa binadamu. Nani mwizi, nani mwibiwa? Hii ina meno. Ya nani?"

Bi Kuwabara akafungua mdomo. "Samahani, Mwalimu, lakini hii si..."

"Shigeto," akasema mume wangu.

Vichwa vyote vikageuka. Mwalimu akakunjua kipepeo. "Lo! Mchoro wako na haiku yako mwenyewe? Hujawahi. Haya, tuambie, mwizi ni nani?"

Shigeto aliutazama ule mchoro. Hakunitazama. "Ni mke wangu," akasema. "Aliniiba nyumbani kwa baba yangu miaka arobaini na miwili iliyopita. Hata jina sikubakiwa nalo."

Wakacheka wote, kicheko kizuri cha upendo. Masuyo akanipiga kibao cha bega. Nami hapo ndipo damu ilinipanda kichwani. Kumbe yuko tayari kumfunika hawara wake hata mbele yangu, tena kwa kunifanyia mzaha! Nikasimama.

"Mwongo! Hiyo ni ya Bi Kuwabara! Nimeuona mwandiko kwa macho yangu! Na ile ya ngazi, na ile ya mkeka, zote mwandiko mmoja! Na kila Alhamisi yuko kwake, nimeviona viatu!"

Jamani. Kicheko kilikatika kama kamba. Kwanza waliniangalia kwa sababu ya viatu, nadhani. Kisha nikaona uso wa Mwalimu, nikaelewa nilichokifanya. Mnakili ametaja mwandiko. Kipepeo kilikuwa kimesimama hewani.

Bi Kuwabara alikuwa analia kimya kimya. Akasema, "Bwana Shigeto, tafadhali. Waambie, au nitawaambia mimi."

Shigeto akautoa mkono wa kulia mfukoni, akauweka juu ya meza.

Ulikuwa unatetemeka. Si kama mkono wa mtu mwenye baridi. Ulikuwa unagonga meza, tak tak tak, wenyewe, kama mnyama mdogo aliyenaswa. Akaweka wa kushoto juu yake kuutuliza, na wa kushoto nao ukaanza.

"Tangu kiangazi," akasema. "Daktari wa mji wa Niigata anasema hautarudi. Siwezi kushika brashi. Siwezi kuandika jina langu. Michoro yote mitatu ni ya Bi Sonoe. Nilikuwa nakaa karibu yake nikamwelekeza, hapa tawi, hapa mwavuli, naye anachora. Maneno ni yangu. Nayasema, anayaandika. Tukabadilishana majina. Mwalimu, tumekudanganya miezi mitatu, na yeye hakutaka. Nilimsihi."

Mwalimu Onozuka alikiweka kipepeo chini. Aliutazama ule mkono.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza. "Mimi mkeo. Kwa nini jirani, si mimi?"

"Unamkumbuka mzee Dobashi?"

Nilimkumbuka. Alikuwa mwenzetu, akachora mpaka mwaka wake wa mwisho na mkono unaomcheza. Siku moja alileta mchoro wa mwanzi, na mimi, mbele ya watu hawa hawa, nikasema, "Hiki kimechorwa na mzee Dobashi au na kuku wake?" Watu walicheka. Mzee naye alicheka. Hakuja tena.

"Ulicheka njia nzima mpaka nyumbani," akasema Shigeto. "Sikusema kitu. Lakini mkono wangu ulipoanza, kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni yule kuku."

Ulimi wangu wote ule, na nikabaki kutazama mikeka.

"Alhamisi," akaendelea, "nilikuwa nimechoka kuficha. Tulikuwa tunakunywa chai, namwaga nusu kama kawaida, Bi Sonoe ananicheka ili nisione haya. Nikasikia hatua uani, kwenye theluji. Nikamwambia, nyamaza, ni mke wangu. Ninamjua anavyokanyaga, kisigino kwanza, kama anayeigombeza ardhi. Nikamwambia atoe kikombe cha tatu, leo ninamwambia. Tukangoja. Hatua zikarudi zilikotoka. Tukaendelea kungoja hata hivyo, mpaka kile kikombe kikapoa. Ndipo nikamtajia Bi Sonoe ile haiku, aiandike. Nilidhani utaijua ukiinakili. Na nikaapa kwamba hii nitaiitikia mwenyewe."

Theluji mpya, nazijua hatua zijazo kwangu. Zilikuwa zangu. Aliniandikia mimi, akaipitisha mkononi mwangu, kwa sababu alijua hakuna haiku inayonipita. Na mimi nikaitia motoni.

Shigeto alijua. Tangu Masuyo aliposoma mara ya kwanza alijua ni nani pekee angeweza kuubadilisha ule mstari, na Bi Kuwabara alijua vilevile. Wote wawili hawakusema. Katika kusimulia kwake alilipita lile neno "mwizi" kama halikuwepo. Wale wengine hawakuwa na habari. Kwao haiku ilikuwa ile ile, ya mzee anayemtania mkewe, na mke mwenye hasira aliyeropoka. Kuropoka kungesamehewa. Nilimwona Masuyo keshaanza kunihurumia.

Mwalimu akakohoa. "Ya michoro tutayazungumza. Ya mnakili kutaja mwandiko, nayo tutayazungumza. Lakini watu wanane wamechagua, na haiku iliyochaguliwa huandikwa juu ya mchoro na mwenyewe." Akausogeza mkono wake mkavu mpaka karibu na ule unaotetemeka, bila kuugusa. "Bwana Shigeto, utamtaka nani akuandikie?"

Nilijua atasema Bi Kuwabara. Ningestahili.

"Fusae," akasema. "Kama atakubali."

Wakaushusha ule mchoro wa samoni ukutani, wakautandaza mbele yangu. Masuyo akasaga wino. Nikapiga magoti, nikakunja mikono ya kimono. Karatasi ya michoro haina huruma: wino ukigusa, umegusa, hakuna kufuta. Watu walinizunguka wakichungulia mabegani mwangu.

Nikaandika, Theluji mpya. Nikaandika, nazijua hatua. Nikachovya tena. Neno la mwizi lilikuwa tayari kwenye ncha ya brashi, jepesi, na nikiliandika hakuna atakayejua kamwe. Ningebaki mnakili. Shigeto mwenyewe alikuwa amenipa mlango wa kutokea, amekwisha kuutia na mzaha.

Nikaandika, zijazo kwangu.

Masuyo ndiye aliyesema kwanza. "Fusae, umekosea. Siyo niliyoisoma."

"Uliyoisoma niliiandika mimi," nikasema. "Hii ndiyo aliyoileta yeye. Niliibadilisha jana asubuhi, kwa makusudi, kwa chuki, nikakichoma kikaratasi. Bi Kuwabara, lile neno la mwizi nililikusudia wewe. Nisamehe ukiweza."

Mwalimu Onozuka aliusoma mstari wa tatu, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akanyoosha mkono, akalichukua kopo la chai mbele yangu, akaliweka mbele ya Masuyo. Hakusema kwa ukali. Alisema, "Kuanzia mwezi ujao, Bi Masuyo," na Masuyo akainama, macho yamemjaa machozi.

Niliinamisha kichwa mpaka mkekani. Nilipokiinua, pembe moja ya mchoro ilikuwa imeanza kujikunja, na wino wa mstari wa tatu bado mbichi. Shigeto alikuwa ameuleta mkono wake, akaibana ile pembe. Karatasi yote ikawa inatetemeka pamoja naye, nami nikaweka mkono wangu juu ya wake, tukangoja ukauke.